Mkono Uliotafuta Jambia

Inasimuliwa na waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja kwenye njia ya mahujaji aliishi mcha Mungu aitwaye Sheikh Hudhayfa, akiwafundisha mieleka walinzi wa misafara. Hakupenda mlinzi aikaribie Ardhi Tukufu akiwa na damu mikononi. Mnyang'anyi aangushwe, afungwe, afikishwe kwa kadhi akiwa hai. Na kila aliyeingia uwanjani kwake alitia udhu kwanza, akavua kila chenye ncha.

Binti yake, Lubaba, alikuwa amerudi nyumbani na mtoto wake Atika, ndiyo kwanza anajifunza kutembea, baada ya wanyang'anyi wa njia hiyo kumuua mumewe. Ushahidi wa Sheikh ndio uliolitia gerezani genge lile. Basi alipokuja mgeni mwenye kovu shingoni, Mirdas, akaomba kufundishwa, roho ya Lubaba ilikataa palepale. Katoka wapi huyu? Mbona hakai ila mgongo wake umegusa ukuta? Mbona mtu akipita nyuma yake anageuka upesi namna ile?

Sheikh alimpokea, naye Lubaba akawa anapepeta ngano mlangoni, macho yako uwanjani. Akaona jambo. Kila Mirdas alipokamatwa katika mieleka, mkono wake wa kulia ulishuka kiunoni, ukajifunga ngumi, ukapanda kuelekea mbavu za mwenzake. Mtupu, lakini ulipanda. Na kwa kuwa mkono ulikwenda huko badala ya kumshika mtu, alianguka kila mara.

"Mirdas, mchanga huu umekupenda," wanafunzi walimtania. "Peleka posa tu."

Wote walicheka. Lubaba hakucheka.

"Baba, huyu amekuja kukuua."

"Umeona silaha?"

"Sijaona silaha. Nimeuona mkono."

"Basi muulize mwenyewe, binti yangu. Tusimhukumu mtu kwa dhana naye yupo hapa, aweza kujibu."

Akaenda, mtoto kambeba kiunoni, akasimama mbali, mahali ambapo angeweza kukimbia. "Ndugu yangu, mkono wako unatafuta nini?"

Mirdas angeweza kusema lolote, na nani angejua? Akainamisha kichwa. "Unatafuta jambia. Mimi nilitubu nikalitupa, dada, lakini mkono bado haujapata habari."

"Ulikuwa nao? Watu wale?"

"Nilikuwa nao. Niliwaacha kabla hawajauvamia msafara wa mumeo. Shahidi sina ila Allah, na wewe huna sababu ya kuniamini."

Lubaba alirudi nyuma hatua moja. Kabla, au baada? Mtu wa namna hiyo angesema nini kingine? Sheikh, aliyekuwa amefika nyuma yake, akasema kwa upole, "Mwenye jeraha ni wewe. Ukisema aondoke, ataondoka leo."

Alitaka kusema aondoke. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alimcha Mola wake asije akamfukuza mtu kwa sababu amesema kweli, maana angalidanganya angalibaki.

"Akae," akasema. "Ila asifundishwe kuangusha mtu. Afundishwe kuanguka, viganja wazi, mpaka mkono ule usahau. Na nitamtazama."

Ikawa hivyo. Kila siku Mirdas aliangushwa, na kila ngumi ilipojifunga sauti ilitoka mlangoni, "Mkono, Mirdas," naye akajibu, "Nimesikia, dada," akainuka, akaanza upya. Miezi ikapita. Imani ya Lubaba kwake haikuongezeka, au iliongezeka kwa kiasi kidogo asichotaka kukikiri.

Alasiri moja aligeuka kuchukua ungo, kugeuka tu, naye Atika akaingia uwanjani, akapepesuka, akamdaka Mirdas mguu kwa nyuma ili asianguke. Lubaba aliinua macho, akauona mkono ule ukishuka kiunoni na bega likianza kugeuka. Sauti haikutoka. Alifungua kinywa, haikutoka.

Mkono ukafunguka. Mirdas alijitupa mbele, mbali na mtoto, viganja wazi, akaangukia bega, na mfupa ukasikika ukilia.

Lubaba alimkwapua mwanawe, akampapasa kichwa, mbavu, tumbo. Mzima. Kisha akamtazama yule aliyelala mchangani.

"Mkono ulitaka kwenda," akasema.

"Ulitaka."

"Nimeuona. Na sikukuita."

"Hukuniita, dada."

Akampa Sheikh mtoto, akapiga magoti, akararua ncha ya shuka yake, akamfunga bega.

Basi, enyi wenzangu katika imani, moyo huweza kutubu katika swala moja, na kiungo kikahitaji miezi kuufuata. Anayeogopa hajakatazwa kutazama, maana Lubaba hakuacha kutazama, lakini atazame kwa uadilifu, aione pia saa ambayo mkono umefunguka. Mola atutakasie nyoyo zetu na viungo vyetu, na awahifadhi watoto wetu pale sauti zetu zinapotukauka. Amin.