Mfarishi wa Bi Mwanahija

Hapo zamani, wala msidhani zamani ya majini na wafalme, nasema zamani ya juzi tu ambayo bibi zenu waliiwahi, palikuwa na mwanamke katika mji wa Kidutani aliyeitwa Bi Mwanahija.

Sogeeni karibu. Na wewe unayepiga miayo, jua hadithi hii ina swali mwishoni, na nitakuuliza wewe kwanza.

Bi Mwanahija hakujua kutupa kitu. Kopo la maziwa likiisha leo, kesho ni kibatari. Bati la mafuta likitoboka, analitoboa zaidi kwa msumari, linakuwa la kukwaruzia muhogo. Mkeka ukichakaa katikati, anakata kingo zilizo nzima, anashona vipepeo vya jiko la mkaa. Siku moja suruali ya mumewe, Mzee Shomari, ilipasuka makalioni. Akaikata miguu, akashona mfuko, akaenda nao gengeni. Aliporudi akamwambia, "Mume wangu, leo suruali yako imekwenda sokoni bila wewe, na imerudi na dagaa." Mzee Shomari alicheka mpaka akapaliwa.

Na kanga je? Kanga kwake ilikuwa na umri kama mtu. Ilianza mpya arusini, ikashuka jikoni, ikawa mbeleko, ikawa nepi, ikawa tambara la kushikia sufuria, mwisho ikasokotwa utambi ikawaka. "Kitu hakifi," alikuwa akisema, "kinabadilisha kazi."

Msidhani ni dhiki. Dhiki ilikuwapo, lakini yeye alifanya kwa raha. Akimaliza kitu, hata kama ni kifuniko cha mtungi tu, aliita nyumba nzima: "Njooni mwone!" Na nyumba nzima ilikwenda kuona.

Sasa shikeni watu wangu watatu, maana swali ni lao. Wa kwanza ni Tumu, binti yake mkubwa. Wa pili ni Siwema, mke wa mwanawe Athumani, yatima aliyelelewa kwa kusukumwa, leo kwa mjomba, kesho kwa shangazi. Siku alipoingia nyumba ile, Bi Mwanahija alimwambia, "Mimi sina mkwe, nina mtoto," akamkalisha mkekani akamfundisha kushona. Wa tatu ni Raya, kitinda mimba. Athumani mwenyewe tumwache, yeye kazi yake ilikuwa kukubaliana na aliyesema mwisho.

Raya aliolewa mbali, safari ya siku tatu kwa treni. Asubuhi ya kuondoka, Bi Mwanahija aliigawa doti yake ya kanga, pande mbili. Upande mmoja alikuwa ameuvaa wiki nzima, umeshika udi na jasho na moshi wa jiko lake. Huo akauvua akampa Raya. "Mwingine nabaki nao mimi," akasema. "Nikijifunga wangu, ujue nakukumbuka." Raya akapanda treni. Ule upande hakuwahi kuuvaa hata siku moja. Aliutia katika bati la biskuti lenye kifuniko cha kubana. Akizidiwa na hamu ya kwao, alifungua kifuniko kidogo tu, akanusa, akafunga upesi.

Miaka ikapita. Bi Mwanahija akaugua, akafa.

Habari ilimfikia Raya mama yake akiwa kaburini siku ya tano. Barua ilichelewa, na wenye kupeleka barua hawalaumiwi, mvua zilikuwa zimekata njia. Lakini elewa maana yake. Hakumwosha. Hakumzika. Hakuliona kaburi likiwa bichi. Alikuwa na mtoto mchanga mgonjwa, hakuweza kusafiri, akalia kwa watu wasiomjua mama yake.

Kidutani matanga yakaanuliwa. Mnajua desturi: nguo za marehemu hutolewa sadaka, hazikai ndani. Shangazi zake wakampa Tumu kazi ya kuzigawa. Tumu akafungua sanduku. Juu kulikuwa na kanga tisa, mpya na kuukuu, hata zilizowahi kuwa mbeleko na nepi, na harufu ikamjia kama vile mama yake amepita nyuma yake kuelekea jikoni. Tumu akashindwa. Akaenda kwake, akafungua sanduku lake mwenyewe, akatoa kanga zake tisa nzuri, akazigawa kwa maskini badala ya zile. Za mama akazificha. Tumu akabaki na kanga mbili, moja ya kuvaa na moja ya kufua. Mambo yalipojulikana, shangazi walimsema mji mzima: "Mwizi wa sadaka!" Maneno yakapita na yeye akabaki na kanga tisa kifuani.

Na Mzee Shomari? Mzee Shomari hakulala. Kitanda alikikataa. Alikaa kwenye kiti barazani, akisinzia na kushtuka, akisinzia na kushtuka, mpaka macho yakamwingia ndani. Wakampa dawa, hakulala. Wakamsomea dua, hakulala. Mtu akakonda hivi hivi mbele yao.

Tumu akawaza: mama angefanya nini? Mama angekata, mama angeshona. Akabeba kanga tisa mpaka kwa baba yake, chumbani kwa Siwema. "Wifi," akamwambia, "mkono wa kushona ni wako. Nishonee mfarishi mmoja mpana, wa viraka, baba aulalie. Huenda akadhani yuko naye."

Siwema akazipokea kwa mikono miwili. Na hapa ndipo palipoharibika, kwa wema mtupu.

Mtu aliyefundishwa kushona na Bi Mwanahija alifundishwa jambo moja kabla ya kushika sindano: nguo hufuliwa kwanza. Usipoifua, mshono utajikunja siku ya kufuliwa, na kazi yote ni bure. Mama mkwe alikuwa amempiga kofi la mkono kwa kosa hilo, tena mara mbili. Basi Siwema, kwa heshima, kwa kutii, akachota maji, akaziloweka kanga tisa, akazifua kwa sabuni, akazisuuza kwa ndimu, akazianika juani.

Tumu akaja alasiri. Akaona kanga zinapepea kwenye kamba, safi. Akashika moja akauzika uso wake ndani. Sabuni. Akashika ya pili. Jua na sabuni. Akashika ya tatu, ya nne, mpaka ya tisa.

"Siwema! Umemfua mama!"

Sauti ile ilisikika mpaka kisimani. Siwema alikaa chini uani, kwenye matope, asijue pa kuweka mikono. "Wifi, yeye ndiye aliyenifundisha," akasema. "Wallahi wifi, yeye ndiye."

Tumu akaondoka, wala hakumwambia kwa heri.

Siwema hakuweza kuirudisha. Harufu haishikiki. Akafanya analoliweza: akashona. Cherehani aliiacha, akashona kwa mkono, maana Bi Mwanahija alishona kwa mkono. Akaipanga kazi kwa maisha ya marehemu. Kona moja aliweka mbeleko aliyombebea Tumu. Kona nyingine nepi ya Athumani. Huku kanga ya jikoni yenye alama ya mkaa isiyotoka. Akashona, vidole vikavimba. Akavifunga tambara, akashona. Miezi mitatu akashona, na kila kiraka alikizungumzia, "Mama, hapa panakaa vizuri?" Akafika kati. Kati akaacha tundu. Kila alichoweka pale alikiona si cha pale, akakitoa.

Siku hizo ndipo Raya alipoweza kuja. Mtoto amepona, yeye amekonda. Akaingia na bati la biskuti kwapani. Akamwamkia dada yake, akamwamkia wifi yake, akauona mfarishi mkekani na tundu lake katikati. Akasimuliwa yote, ya sadaka na ya sabuni. Akakaa chini, akafungua kifuniko. Safari hii hakukifunga.

Harufu ikatoka. Udi, jasho, moshi wa jiko. Tumu akajishika mdomo. Siwema akageukia ukuta. Na kule barazani, kiti kikalia. Mzee Shomari akaingia mbio, fimbo yake ameisahau nyuma, akasimama mlangoni akitazama kila pembe ya chumba. "Yuko wapi?" akauliza. "Mwanahija yuko wapi?"

Hebu jiweke pale. Ungemjibu nini?

Raya akautoa ule upande wa kanga. Alikuwa na huo tu. Wenzake walikuwa na kaburi la kuzuru, na jiko, na mlango aliopita mama yao. Yeye alikuwa na bati. Akampa Siwema, akasema, "Tia kati, wifi. Na usifue."

Siwema akaushona bila kuufua, kinyume cha yote aliyofundishwa. Mfarishi ukakamilika. Wakautandika kitandani. Baada ya chakula cha mchana Mzee Shomari akajilaza, akaweka shavu pale katikati, akalala. Adhana ya alasiri ikampita, ya magharibi ikamkuta bado analala, na wale watatu wamekaa mlangoni kama walinzi, wanalia, wanacheka, wanalia.

Miaka miwili mzee akalala vizuri. Akapata mwili, akarudi msikitini, akaanza tena kubishana na watu juu ya bei ya chumvi. Na mtu akipona, huanza kuona upweke wake. Akaposa mjane mmoja, Bi Zuwena, mwanamke wa watu, mpole. Bi Zuwena akakubali, akatuma neno moja tu: "Sikatai mwenzangu akumbukwe. Nitamsomea dua kila Alhamisi. Lakini kitanda alichomo yeye, mimi nitalala wapi?"

Siku ya ndoa, asubuhi, Mzee Shomari akaukunja mfarishi, akauweka mkekani, akawaita watatu. "Katika nyumba hii hauwezi kubaki," akasema. "Chukueni. Nani auchukue?"

Tumu akasema, "Ni wangu, baba. Nisingezificha zile kanga, leo zingekuwa migongoni mwa watu tusiowajua. Niliitwa mwizi kwa ajili yake. Nilitoa zangu tisa, na mpaka leo navaa mbili. Tena mimi ndiye niliyemgeuza ubavu alipokuwa hawezi kujigeuza. Mikono yangu imemzoea."

Siwema akasema, "Ni wangu, baba. Kila mshono hapa ni wa kidole changu. Nilikosa, nakiri, na nimelipa kosa langu kwa miezi mitatu ya sindano. Lakini sikilizeni. Dada Tumu akijitazama kwenye kioo anaona macho ya mama. Wifi Raya akicheka, ni kicheko cha mama. Nyinyi mnatembea naye mwilini. Mimi ni mtoto wa watu. Aliniita mwanangu, na hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo. Nikitoka hapa mikono mitupu, nitamwona wapi?"

Raya akasema, "Ni wangu, baba. Bila ule upande, huu ni matambara tisa safi. Baba, wewe hukulalia viraka, ulilalia kile cha kati. Nilikuwa na harufu yake peke yangu, ningeweza kukaa nayo mpaka kufa. Niliitoa ili upone. Sikumzika mama. Sina nilichokigusa cha kuaga. Nirudishieni changu."

Wakatazamana. Tumu akamwambia Raya, "Hukuwapo." Raya akamwambia Tumu, "Uliiba." Wote wawili wakamgeukia Siwema, "Na wewe ulimfua." Kisha wakaona aibu, maana kila mmoja alijua amesema kweli na amesema vibaya.

Athumani, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa kukata. Leteni mkasi, tugawe mara tatu."

Siwema akamwuliza, "Na kati, mume wangu, unampa nani?"

Athumani akakubaliana naye.

Tumu akainama akanusa pale katikati, muda mrefu. Akainua kichwa, uso umembadilika. "Inaisha," akasema. "Njooni mnuse. Inaisha." Wakainama wote watatu, vichwa vikagusana. Ilikuwapo, lakini kidogo, kwa mbali. Na kila aliyevuta pumzi alijua anaondoka nayo kidogo, akajaribu kuvuta polepole, ili awaachie wenzake.

Hodi ikapigwa nje. Wanawake wanne wamemleta Bi Zuwena, wamejifunika, mmoja kabeba chetezo cha udi. Mzee Shomari akauokota mfarishi akasimama nao kati ya chumba. Mlangoni yuko mke wake. Mbele yake wako watoto wake watatu, wamenyoosha mikono, na hakuna anayevuta.

Je, nani alistahili? Aliyeziokoa kwa kuitwa mwizi, aliyezishona baada ya kuziharibu, au aliyetoa cha mwisho alichokuwa nacho? Wewe mwenye miayo, nakuona umeamka. Sema, mzee ampe nani? Na ukishamtaja huyo mmoja, niambie pia: wale wawili waliobaki, wakizidiwa na hamu ya mama yao, wakainamie nini?