Nani Ameshika Birika?

Ndugu zangu, zama za mkoloni kulikuwa na mama mmoja msuka mikeka. Yeye mwenyewe aliuzwa utotoni, mwaka wa njaa, kwa gunia la mtama. Alipokuwa mtu mzima akaanza kupita mlango kwa mlango kupinga biashara hiyo, na watu wakamcheka: "Haya, ficheni watoto, mwenye watoto wa watu anapita!"

Siku moja akamshtaki tajiri mmoja kwa Bwana Shauri, yule Mzungu aliyetawala wilaya, kwamba amenunua binti na anamtumikisha.

Tajiri akacheka. "Huyu? Huyu mwanangu wa kulea, bwana. Njooni kwangu Ijumaa mle, mwone anavyokaa."

Bwana Shauri akamgeukia mama. "Tukimkuta amekaa na wenzake, nisikuone tena barazani kwangu."

Mama yule akawaza moyoni. Akifukuzwa barazani, nani tena atamsemea binti?

Wakaenda. Binti amevishwa gauni jipya, kakalishwa mkekani katikati ya watoto wa nyumba, kaonywa asinyanyuke. Mama akaketi, macho yake kwa binti. Sinia la pilau likaletwa. Tajiri, huku akisimulia wema wake, akanyoosha mikono mbele bila kutazama, kama afanyavyo kila siku.

Alisimama nani? Watoto wake? Hata mmoja hakutikisika. Binti ndiye aliyeruka, akachukua birika na beseni, akapiga magoti, akammiminia maji.

"Na yeye akinawa," mama akauliza, "humwagiwa na nani?"

Tajiri akabaki na mikono inachuruzika. Bwana Shauri akamwambia mama neno moja tu: "Mchukue."

Mama akatwaa birika. "Nawa, mwanangu." Binti akanawa, akala palepale mpaka akashiba. Wakatoka kwa mlango wa mbele, na vigelegele vikawasindikiza mpaka sokoni. Waliomcheka mama ndio waliopiga kwa nguvu zaidi.

Tumefurahi, sivyo? Nami nimefurahi. Lakini mkoloni kaondoka, na sisi je? Yule binti tuliyemtoa kwao kwa ahadi ya kumsomesha, tukamwita "mwanetu" mbele ya wageni, mlango wa shule anaujua? Leo chakula kikitengwa, kabla hatujanyoosha mikono, tuangalie nani ameshika birika. Tulipokee. Tumwambie, "Nawa."