Dawa Aliyoifuata Mbodze

Mpika sumu ndiye huulizwa dawa. Mmeisikia leo barazani shauri lilipokuwa likiamuliwa, nanyi mmetaka kujua chimbuko lake. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika vilima vya Kidunguni, aliishi mzee aliyeitwa Mwadzombo. Kazi yake ilikuwa kupika sumu ya mishale. Alichemsha magome na mizizi ya mti uitwao msungu mpaka ikawa nyeusi na nzito, akaifunga katika majani makavu. Wawindaji waliisifu, kwani mnyama aliyechomwa kwa mshale wenye sumu yake hakufika mbali.

Kisha wakaja wachuuzi wageni. Walitaka sumu nyingi kuliko ambayo wawindaji wote wa nchi ile wangeweza kuitumia. Mwadzombo alijua inakokwenda. Habari zilikwisha kufika kwamba kule nyikani watu wa Galamba na wa Mirihini wanapigania visima, na kwamba wachuuzi wanawauzia wote. Mkewe, Kadzo, alimwuliza kama sumu ile ni ya wanyama au ya watu. Akajibu kwamba yeye hupika tu. Upinde hajaushika, na wa kuulizwa ni aliyeuza. Kadzo hakuuliza tena, lakini tangu hapo hakumchochelea moto.

Mwaka mmoja wa ukame akafika mwanamke ambaye miguu yake ilikuwa imepasuka kwa mwendo. Aliitwa Mbodze, mtu wa Mirihini. Kadzo alimpa maji na uji, akamwacha apumzike. Mwadzombo aliposikia anakotoka alidhani amekuja kumlaani, akaanza kutafuta maneno ya kujitetea.

"Sikuja kukulaumu, baba," Mbodze alisema. "Wanangu wawili nimewazika. Wa tatu, Charo, bado analinda kisima. Nimekuja kuchukua dawa."

"Dawa gani?"

"Ya sumu yako. Waganga wetu wameshindwa. Wameniambia aliyeipika ndiye aijuaye."

Mwadzombo alijua mti upi huua upesi, na moto wa kiasi gani huifanya sumu yake ikolee. Namna ya kuizuia hakuwahi kuiwaza hata siku moja.

"Haina dawa, mama," akasema.

Mbodze alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua. "Uliipika ukijua haina?"

Mbodze akamshukuru Kadzo kwa uji, akashika njia ya kurudi kwao mikono mitupu.

Siku ileile Mwadzombo alivunja chungu chake. Akaingia msituni kutafuta jani au mzizi wa kuitegua sumu ile. Alijaribu kwa mbuzi wake mwenyewe, nao wakafa mmoja baada ya mwingine. Wachuuzi hawakusumbuka; walipata mpishi mwingine bonde la pili, na vita vikaendelea. Kila msafiri aliyetoka nyikani Mwadzombo alimwuliza habari za kijana aitwaye Charo. Hakuna aliyemfahamu. Alizeeka akiuliza, akafa hajajua.

Siku ya maziko wazee walisimama wakausifu ufundi wake, wakasema hakuumiza mtu kwa mkono wake. Kadzo aliwasikiliza, kisha akawaomba wanyamaze.

"Mume wangu nilimpenda," akasema, "lakini msimsemee hivyo. Mpika sumu ndiye huulizwa dawa."