Fisi na Kuponi ya Wajawazito

Naomba radhi mapema, kabla hamjanirushia viatu. Hadithi hii nitaisimulia vibaya. Ina sauti ya tembo, na mimi sauti yangu ni ya mtu aliyemeza pamba. Ina mahali pa kuanguka chali, na daktari amenikataza kuanguka. Tena nina tabia ya kucheka kabla sijafika penye kuchekesha, wasikilizaji wakabaki kunitazama kama wanaomwangalia mgonjwa. Lakini mmeshakaa. Haya, nisogezeeni masikio.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka vivuli vikatafuta pa kujificha. Mto ulikauka, ukabaki mchanga na viboko wawili walionuniana. Simba, mfalme wa mbuga, akaamuru kila mnyama ashike jembe, kichimbwe kisima. Yeye mwenyewe hakushika jembe. Alikaa juu ya jiwe, akiwaonyesha wenzake jinsi mfalme anavyokaa.

Walichimba wee, hata siku moja udongo ukatoka umelowa, na chini ya udongo yakaonekana maji. Simba akanguruma:

"Kesho mapumziko! Kila mtu akashughulikie mambo ya nyumbani kwake. Jua likizama, kisima kitafunguliwa. Kila nyumba ije na mtungi wake. Atakayekuja mikono mitupu atapewa maji ya kujaza mikono mitupu. Kisha kisima kitafungwa mpaka mwezi mpya. Je, nimesema vizuri?"

"Vizuri mno, mtukufu!"

"Semeni tena."

Wakasema tena. Sifa zikamkolea, akaongeza na zawadi: kuponi. Kuponi yenyewe ilikuwa kipande cha jani kavu la mgomba, kimepigwa muhuri wa unyayo wa Simba uliochovywa kwenye masizi. Mchimbaji akiionyesha dukani kwa Ngedere, anapunguziwa robo ya bei. Mjamzito akionyesha yake, analipa nusu, na foleni hapangi.

"Na ya mjamzito haitumwi mtu," Simba akaonya. "Mwenye tumbo aje na tumbo lake."

Swala wao walizila kuponi zao kabla hawajafika nyumbani. Ndivyo walivyo, ukiwapa jani hawasomi.

Sasa kulikuwa na Sungura. Mtungi wa nyumbani kwake ulikuwa umepasuka, na mkewe alikuwa karibu kujifungua, miguu imevimba hata mlangoni hafiki. Wangekosa maji siku ile, mtoto angezaliwa ndani ya nyumba isiyo na tone. Kwa hiyo alfajiri Bi Sungura alimwambia mumewe:

"Baba watoto, usinirudie na maneno. Rudi na mtungi."

"Mimi nimewahi kurudi na maneno?"

"Jana. Juzi. Na siku uliyokuja kunichumbia."

Sungura akachukua kuponi yake ya mchimbaji, akaenda kupanga foleni.

Fisi naye aliamka na kuponi yake ya mchimbaji, ingawa kazi yake kisimani ilikuwa kulinda chakula cha wenzake, nacho hakikuonekana tena. Alizunguka dukani akigusa kila kitu, akanusa kila kitu, mwisho akanunua mwavuli.

"Wa nini, bwana, na mvua hakuna?" Ngedere akamuuliza.

"Bei imepungua."

"Lakini mvua..."

"Ngedere, mimi nakuzungumzia bei, wewe unaniletea habari za mawingu!"

Ngedere akaipokea kuponi, akaichana, maana kila moja hutumika mara moja tu. Fisi akatoka amefurahi. Hapo mlangoni akapishana na Bi Punda Milia, tumbo mbele, amepita foleni nzima bila kusimama, amebeba mtungi mpya.

"Umelipa ngapi, mama?"

"Nusu tu, mwanangu."

Nusu! Furaha yote ikamtoka. Nyumbani Fisi alikuwa na mitungi mizima, imepangwa ukutani. Ila hakuwa na mtungi wa nusu bei, na jambo hilo lilimuuma kama jino.

Akakimbia kwake. Akachukua boga kubwa, akalifunga tumboni kwa kamba. Akajitanda kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, mdomo akauficha. Akajaribu kutembea kama Bi Punda Milia, akajikwaa, akajaribu tena. Kisha huyo, kwa Simba.

Simba alikuwa juu ya jiwe lake, pua juu. Mfalme huyu hatazami chini, kwa sababu chini ndiko waliko wengine.

"Nani wewe?"

"Ni mimi, mtukufu," Fisi akajibu kwa sauti nyembamba. "Dada yake Fisi, kutoka ng'ambo ya bonde. Mjamzito."

"Mimba ya muda gani?"

"Ya... ya siku nyingi, mtukufu. Ilianza kabla ya ukame."

"Na baba yake ni nani?"

Fisi hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Baba yake ni... mtu wa mashambani, mtukufu. Alikulia kwenye mbolea."

"Vizuri. Mtoto awe na heshima kama mimi," Simba akasema, akagonga muhuri bila kuangalia.

Dukani jua lilikuwa limeanza kuinama. Sungura alikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, kila akikaribia anatokea mama mwenye tumbo, naye anampisha. Sasa alikuwa wa kwanza. Kwenye kichanja ulibaki mtungi mmoja. Akanyoosha mkono.

"Nipisheni! Mama mzito anapita!"

Fisi akaingia kwa kishindo, akawapiga kikumbo nyumbu wawili wazima, akatupa kuponi mezani. Ngedere akautazama muhuri, akaukuta ni halali, akapokea nusu ya bei, akamsogezea mtungi. Ndio huo wa mwisho.

Sungura akamkagua mama huyo kuanzia kanga ya kichwani hadi kucha za miguuni. Akanusa. Akatikisa masikio.

"Hongera, mama," akasema. "Mtoto wako mchangamfu sana."

"Kwa nini?"

"Ulipoingia alikuwa mbele. Sasa yuko ubavuni."

Fisi akalirudisha boga mahali pake kwa kiwiko. "Anacheza."

"Na mbona sauti yako inafanana na ya Fisi?"

"Ni kaka yangu. Huoni aibu kumhoji mjamzito? Jamani, ananihoji!"

Foleni nzima ikamgeukia Sungura kwa macho makali. Bi Tembo, mkunga wa mbuga, akaja mbele, kila hatua ikiangusha kitu rafuni.

"Sungura! Umekosa adabu? Mwache mama wa watu!"

Sungura akaona kubishana hakufai. Ukimwita mjamzito mwongo mbele ya wakunga, utatoka hapo umebebwa. Akamtazama Fisi akiinama kuunyanyua mtungi, na kwa kuwa mtungi ulikuwa mzito na Fisi kazi hazijui, akasikika akiguna, "Uuuh!"

"Mama yangu!" Sungura akapiga yowe. "Uchungu umemshika! Bi Tembo, njoo, mama anajifungua!"

"Sijifungui!" Fisi akasema.

"Wote husema hivyo," Bi Tembo akajibu, akamlaza chali kwa mkonga. "Kina mama, leteni kanga!"

Kufumba na kufumbua kanga zikazungushwa kama pazia, Bi Punda Milia akashika mguu huu, Bi Nyumbu mguu ule.

"Sukuma, mama!"

"Nisukume nini?"

"Sukuma!"

"Sina cha kusukuma!"

"Mimba ya kwanza hii," Bi Tembo akawaambia wenzake. "Hajui."

Akamkandamiza tumbo mara moja tu, tembo huyo. Kamba ikakatika, boga likatoka chini ya kanga, likabingirika mpaka miguuni kwa Sungura. Vigelegele! Bi Tembo, ambaye macho yake hayaoni mbali wala karibu, akalipokea, akalipangusa, akalipigapiga mgongoni.

"Bonge la mtoto! Hana masikio, lakini yataota."

"Na ametulia," Sungura akasema. "Kachukua kwa baba."

Fisi akapiga hesabu zake haraka. Akikiri, mtungi unarudi kichanjani. Akinyamaza, amezaa boga, basi, hasara iko wapi? Akasimama, akauvuta mtungi.

"Asanteni, dada zangu. Mimi niende."

"Uende wapi?" Bi Tembo akamkalisha. "Tangu lini mzazi akatoka nje kabla ya arobaini? Humu humu, chumba cha nyuma. Ngedere, tandika mkeka!"

Ndipo Fisi alipokumbuka mila. Mbugani kwao mzazi halali njaa wala hapati shida, ila hapati na nafasi ya kupumua. Wakamletea uji mwepesi wa pilipili manga, umekolea mpaka macho yanatoka machozi kabla ulimi haujagusa.

"Hakuna mfupa?" Fisi akauliza.

"Mfupa! Tumbo bado bichi, unataka mfupa? Kunywa."

Akanywa. Masikio yakatoa moshi. Akautazama mtungi, akavumilia.

Wakaja na mkaja, ile kanga ya kumfunga mzazi tumbo lisilegee. Aliyeshika ncha moja alikuwa Bi Tembo. Akavuta. Fisi akawa mwembamba katikati kama nyigu, macho yakatangulia mbele ya uso.

"Umebana?"

Fisi hakuwa na pumzi ya kujibu.

"Bado kidogo," Bi Tembo akasema, akavuta tena.

Fisi akautazama mtungi, akavumilia.

Kisha yakaletwa maji. Maji katika ukame ule yalikuwa dhahabu, wanyama walikuwa wamesahau kuoga, lakini akiba ya kukandia wazazi haikuguswa. Yalikuwa yanachemka. Bi Tembo akachovya kitambaa, akakikamua, akasema, "Nikukande kiuno, mwanangu, mifupa irudi."

Kitambaa kikatua, na nyuma ya kitambaa ukatua mguu wa tembo.

"NI BOGA!" Fisi akapiga ukelele uliosikika ng'ambo ya bonde. "Jamani ni boga! Mimi ni Fisi! Mwanamume! Ni boga!"

Kina mama wakatazamana kwa huruma.

"Maskini, anaweweseka," Bi Punda Milia akasema.

"Homa ya uzazi," Sungura akaongeza kutoka mlangoni. "Mwongezeni maji ya moto."

"Siweweseki!" Fisi akaruka, mkaja wake na vyote. Ulimi unawaka, kiuno kinawaka, na tangu asubuhi hajala. Akampokonya Bi Nyumbu mtoto, akafungua taya, akammega kichwa.

Sitaweza kuwaelezea makelele yaliyofuata. Bi Nyumbu alizirai, akamwangukia Bi Punda Milia, naye akamwangukia Ngedere, mwavuli mmoja ukafunguka wenyewe. Fisi akabaki katikati anatafuna, mbegu zinamtoka pembeni mwa mdomo.

"Onjeni wenyewe!" akasema. "Ni boga! Tena halijaiva!"

Bi Tembo akaokota mbegu moja, akaileta karibu sana na jicho.

"Nani amemla raia wangu?" Simba akanguruma mlangoni. Yowe lilikuwa limemshusha kutoka jiweni.

"Hakuna aliyeliwa, mtukufu," Ngedere akasema akitoka chini ya Bi Punda Milia. "Huyu ni Fisi. Alijifunga boga ili apate kuponi yako ya wajawazito. Ukampa."

Hilo neno la mwisho lilikuwa kosa. Manyoya ya shingo ya Simba yakasimama.

"Nikampa? Unataka kusema mimi nilimpa boga kuponi?"

"Hapana, mtukufu, nilikuwa..."

"Mimi hukosea?"

"Hukosei kamwe!" wanyama wakaitikia.

"Basi sikilizeni. Mimi nilitoa kuponi kwa mjamzito. Mimi sikosei. Kwa hiyo huyu alikuwa mjamzito. Na kama alikuwa mjamzito na sasa hana tumbo, basi amejifungua. Na kama amejifungua, ni mzazi. Bi Tembo! Amalize arobaini yake. Yote. Kwa uji wa pilipili manga, na kukandwa asubuhi na jioni."

"Mtukufu!" Fisi akalia. "Tazama ndevu zangu!"

"Uzazi humbadilisha mtu," Simba akasema, akainua pua.

Sungura akasogea, akainama mpaka masikio yakafagia sakafu. "Hukumu tamu, mtukufu. Swali dogo tu. Mzazi huchota maji?"

"Mzazi hachoti maji. Mzazi habebi hata kijiko."

"Basi mtungi huu wa nini kwake?"

Simba akafikiri, au akasimama kama anayefikiri. "Ngedere, mrudishie mzazi fedha yake. Mtungi apewe aliyekuwa mbele kwenye foleni."

Sungura alikuwa ameshaweka fedha mezani na kuponi juu yake. Aliubeba mtungi mgongoni, ukamfunika wote, wapita njia wakaona mtungi unakimbia na masikio mawili. Alifika kisimani jua linagusa vilima. Usiku huo Bi Sungura alijifungua watoto kama wanavyojifungua sungura, yaani usianze kuhesabu, na kila mmoja aliogeshwa.

"Umerudi na mtungi," akamwambia mumewe.

"Nimerudi na maneno pia. Ngoja nikupe, hutaamini."

Fisi alitoka baada ya arobaini, amekonda, kiuno kimekandwa mpaka kikashuka, hakikupanda tena. Mtazameni mpaka leo, mbele juu, nyuma chini. Akinusa pilipili manga anaanza kucheka kwa uoga, hawezi kujizuia.

Mmeelewa wenyewe, sina haja ya kuwafundisha. Atakayedanganya ili apate cha nusu bei, atakilipia kwa kiuno kizima.

Sasa naona yule bwana wa nyuma ameinua mkono. Anauliza: katika ukame ule, mto umekauka na mashamba yamekufa, Fisi alilipata wapi boga kubwa namna ile?

Kila mahali lazima atokee mtu wa namna hii. Haya, nililima mimi. Nilimuuzia mimi, wiki moja kabla, nikamwambia limeiva.