Breki ya Mke Wake

Palikuwa na mwanamume mmoja ambaye mikono yake iliweza kila kitu, ila mdomo wake ulishindwa neno moja. Neno lenyewe si gumu. Hata mtoto wa chekechea analo. Nilikosea.

Mke wake alikuwa bibi shamba. Leo yuko kijiji hiki anakagua mahindi, kesho yuko kijiji kile kwenye kahawa, na safari zote ni kwa pikipiki yake. Huko kwao ni milimani: ukitoka tu uani, barabara inaporomoka moja kwa moja mpaka darajani.

Sasa siku moja ukoo ukaenda kumposea mdogo wa yule mume. Watu wamekula, wameshiba, ndimi zimelegea. Mume akasimama kumpa mdogo wake nasaha. Akasema, "Mdogo wangu, usiingie mkenge kama mimi. Mimi nilioa pikipiki. Mwanamke nilipewa kama spea."

Wakacheka! Wajomba wakacheka, mashemeji wakapigana mabega. Na mkewe, aliyekuwa amesimama pale na sinia la wali mkononi? Alitabasamu. Wanawake mliomo humu, tabasamu lile mnalijua.

Tangu siku hiyo maneno yakakatika ndani ya nyumba ile. Wakawa wanasemeshana kupitia paka. Ndiyo, paka. Msicheke, wengine humu mnapitishia kwa watoto wenu.

"Wewe paka, kuna watu chakula chao kiko mezani. Kikipoa wasije wakasema wamenyimwa."

"Paka, waambie hao watu tumeshiba."

"Basi kula wewe, paka wangu. Wewe angalau hujanitukana mbele za watu."

Mume alikuwa anaumia. Tumtendee haki, alikuwa anaumia kweli. Kila akikumbuka lile sinia la wali, uso ulimwaka moto. Lakini kila akitaka kusema, alijiona amesimama mbele ya mkewe kama mtoto aliyevunja kioo cha jirani, na mdomo ukajifunga wenyewe. Akawa anatafuta njia ya kuomba msamaha bila kuuomba.

Akaipata Jumamosi moja asubuhi. Breki ya mbele ya pikipiki ya mkewe ilikuwa inalia na kukwaruza. Ya nyuma siku nyingi ilikuwa jina tu. Mwanamume akafurahi kama mtu aliyefunguliwa mlango. Akatandika gunia uani, akatoa spana zake, akaifungua kalipa, ile sehemu inayoibana diski ya gurudumu. Matope ya vijiji vyote yalikuwa yamegandia humo. Akayatoa kwa mswaki na maji ya sabuni, taratibu, kona kwa kona, mpaka chuma kikarudi kuwa chuma. Akafuta, akapaka grisi pale panapotakiwa tu. Pedi zilizokwisha akazitupa, akanunua mpya. Halafu akazisukuma pistoni, vile vyuma vinavyozisukuma pedi, zirudi ndani kwa vidole gumba, ili pedi mpya zipate nafasi, akafunga kila kitu mahali pake. Kila nati aliyokaza alikuwa anasema moyoni: mke wangu, nisamehe. Moyoni.

Waliowahi kufanya kazi hii wanajua kwamba hapo bado haijaisha. Pistoni zikisharudishwa ndani, mkono wa breki unakuwa mtupu. Lazima uubane na kuuachia, uubane na kuuachia, mpaka uwe mgumu. Usipofanya hivyo, breki ya kwanza utakayoshika barabarani inashika hewa. Naye alilijua hilo vizuri kuliko mimi.

Ndipo mkewe akatoka ndani, amevaa buti, kofia ngumu kwapani.

"Paka, hebu muulize huyo fundi wako. Pikipiki ya watu imekwisha, au sherehe bado inaendelea?"

Mwanamume akainua macho. Yule mama alikuwa anaitazama ile kalipa inavyong'aa, na uso wake, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, haukuwa umekunjwa. Neno likapanda. Likafika kooni kabisa. Alitakiwa aseme, "Subiri kidogo, usiiguse, bado sijaibana," na kama angefungua kinywa hivyo, lile jingine nalo lingetoka. Lakini kuna maneno hayapiti kwa paka.

"Paka, mwambie ipo hapo."

Akaenda nyuma ya nyumba kunawa grisi. Alikuwa amepanga akirudi aimalizie, na safari hii aseme, kweli aseme. Akawa anasugua mikono huku anajaribu kwa sauti ndogo, "Mama, siku ile... Mama, mimi siku ile..." Akasikia pikipiki inawaka.

Akakimbia na povu mikononi. "Simama! Usiende! Simama!"

Mkewe alikuwa ameshafika getini. Hakugeuka. "Leo ndiyo umepata sauti? Kelele hizo kampigie paka!"

Akaingia mteremkoni.

Hakufa. Walimwokota chini, kando ya daraja, mguu umevunjika mara mbili na taya limehama. Mume akakaa nje ya wodi mpaka aliporuhusiwa kuingia. Akapiga magoti penye kitanda. Mkewe akasema kwa taabu, "Nilikuona asubuhi. Ulikuwa unafungua breki zangu."

"Nilikuwa nakuomba msamaha."

"Kwa spana?"

Akageuzia uso ukutani. Dada wa mke, aliyekuwa anamuuguza, akafungua mlango, akamwambia yule mume, "Shemeji, toka. Tumekwenda polisi."

Sasa niambieni, wapendwa, yule mwanamke akisimama mahakamani, atadanganya wapi? Alitukanwa. Hakuombwa radhi. Akaona mtu asiyesema naye anafungua breki zake, na zile breki hazikushika. Ninyi mngekuwa hakimu, mngeamua nini? Moyo wa mume unamtetea, lakini moyo nani ameusikia?

Na hivyo ndivyo tulivyo sisi. Sisi ndio tunaoezeka paa la mama tuliyemtelekeza, tunampelekea kitenge dada tuliyemsengenya, tunamtolea Mungu sadaka nono mwezi tuliomdhulumu mtu. Kisha tunanuna: mbona hawaoni? Waone nini? Tusi tulilitoa kwa mdomo, mbele za watu, kwa sauti iliyofika jikoni. Radhi tunaitoa kwa mikono, kimyakimya, tukimwachia aliyeumizwa kazi ya kukisia. Huo si unyenyekevu. Ni kiburi kilichonawa mikono.

Msinielewe vibaya, tengeneza hiyo breki. Itengeneze vizuri. Lakini sema kwanza. Sema huku sauti inatetemeka, sema ukionekana mjinga, sema wakati bado akikuambia "simama" utasimama, na ukimwita atasimama.

Nilikuwa na mengine ya kusema leo, nayaacha. Kuna mtu humu ndani amekaa benchi moja na aliyemkosea. Kuna mwingine wa kwake yuko mbali, na simu iko mfukoni. Mlango uko wazi. Sisi wengine tutainamisha vichwa na kufumba macho, tusijue nani ameinuka. Inuka.