Ubeti Uliobaki Kwenye Vishimo

"Wimbo hukaa wapi mwenyewe akifa?" Nyamizi aliuliza hivyo kwenye matanga ya mama yake. Watu wakatazama chini. Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa kinu na mchi wake. Hapo zamani, Nyamizi na mdogo wake Shija walihamia kwa shangazi, ng'ambo ya bonde. Shija hakulala. Alizoea wimbo ambao mama aliuimba jioni akitwanga mtama. Bila ule wimbo, alilia mpaka sauti ikakauka.

Kichwa cha Nyamizi kikasema, "Niachie mimi. Kila kitu kiko kwangu. Mimi ndiye mfalme, huoni nilivyo juu?"

Juu! Hata paa liko juu, na halijawahi kuwaza lolote.

"Endelea na hadithi, dada."

Nyamizi akafumba macho, akawaza, akawaza. *Lala mwanangu, lala...* Basi, wimbo ukaishia hapo. Shija akalia.

Mikono ikasema, "Tuachie sisi tuliomsaidia mama kutwanga." Ikainuka hewani, ikashuka, ikainuka, ikashuka. Mapigo yakaja: du, du-du. Maneno hayakuja. Shija akalia.

"Si akakiulize kinu?"

Ndivyo alivyofanya, mdogo wangu Ngosha. Alimbeba Shija mgongoni, akavuka bonde mpaka nyumba yao ya zamani. Kinu kilikuwa uani, kimejaa majani makavu.

"Nipe wimbo wa mama."

"Mwanangu, mimi ni gogo lenye tundu. Peke yangu nitautoa wapi? Nifute, kisha simama pale."

Pale palikuwa na vishimo viwili, vilivyochimbwa na nyayo za mama miaka yote ile. Nyamizi akavikanyaga. Akatia mtama, akashika mchi. Du, du-du. *Lala mwanangu, lala, umande usikupate...* Kila pigo na neno lake. Mgongoni, Shija akalegea, akalala.

Nyamizi akaacha kutwanga ili ausikilize vizuri. Wimbo ukakatika. Jioni ile alimkumbuka mama yake kwa uchungu kuliko siku ya maziko.

Akakiviringisha kinu hadi kwa shangazi. Wimbo ukaja nacho, isipokuwa ubeti mmoja. Huo ulibaki kwenye vile vishimo, na vishimo havibebeki.

Kwa hiyo msidanganywe kwamba mtu hufikiri kwa kichwa peke yake. Hufikiri kwa mikono pia, na kwa mahali aliposimama. Hadithi yangu naitua hapo.

Kinu cha bibi yetu kiko bandani, kuku wanatagia ndani. Naomba mnisaidie kukirudisha uani, pale pale kilipokuwa.