Mji Uliomtii Sultani Kupita Kiasi

Hapo zamani, enzi ambazo mtu akikohoa katika mji wa Shindasi huulizwa anamkoholea nani, palikuwa na sultani jina lake Barkushi. Hakuwa mtu mbaya Sultani huyu. Alipenda chakula kizuri, alipenda mashairi, na wanawe aliwabeba mgongoni kama baba mwingine yeyote. Lakini masikio yake alikuwa ameyakabidhi kwa Waziri Jabu, na Jabu hakuwa na kazi ila kuyajaza hofu, kwa kuwa alijua fika kwamba mtawala mwenye hofu hambandui aliye karibu naye.

Kila asubuhi Jabu alikuwa akiinama na kusema, "Bwana wangu, nchi inapinduliwa."

"Inapinduliwa na nani?" Sultani huuliza.

"Hapo ndipo penye kutisha, bwana. Hawaonekani. Mpinduzi anayeonekana si mpinduzi, ni mjinga."

Basi ikatoka amri kwamba watu wasisimame pamoja zaidi ya wawili. Ndoa zikakwama, maana bwana arusi na walii na kadhi ni watatu tayari. Ikawa kadhi anaozesha kwa kupaza sauti kutoka ng'ambo ya pili ya barabara, na mpita njia mmoja aliyesikia nusu akaitikia "nimekubali" katika ndoa isiyomhusu. Kisha ikapigwa marufuku kunong'ona. Watu wakaanza kuambiana siri zao kwa makelele, na Sultani aliposikia mji mzima unapiga kelele, hofu yake ikazidi.

Ikawa siku moja mpiga mbiu anapita sokoni akizitaja sifa za Sultani, na zilikuwa ndefu, na jua lilikuwa kali. Mshona kofia mmoja, Shee, mtu mpole asiye na neno na mtu, akapiga mwayo. Jabu akapata habari, akaenda mbio kwa bwana wake.

"Amefungua kinywa kulimeza jina lako, bwana! Mchana kweupe!"

Shee akakamatwa, akatiwa gerezani, akawakuta humo wengine wengi: aliyecheka peke yake, aliyelia bila msiba, na mmoja aliyekutwa anaangalia juu.

Shee alikuwa na mke, jina lake Kazija. Walikuwa mafukara, nguo ya Kazija ilikuwa moja, huifua akaikaushia mwilini. Na mji mzima ulimhesabu kuwa punguani, kwa sababu alifanya lile aliloambiwa, lile lile, bila kupunguza wala kuzidisha. Kuna jirani aliyepata kumwambia, "Nitazamie chungu changu." Kazija akakaa akakitazama mpaka wali ukawa makaa. Alipolaumiwa akasema, "Sikupepesa hata jicho." Watu wakamcheka sana, wachache tu walikumbuka kwamba jirani yule alikuwa na desturi ya kumnyima Kazija moto.

Basi Kazija alipoona usiku umeingia na mume hayupo, na kofia yake imelala na sindano ndani, alilia. Kulipokucha akajifuta macho, akaenda barazani kwa Sultani, akapiga magoti.

"Maulana, nimekuja kumwombea mume wangu. Alipiga mwayo. Hana kosa jingine."

Jabu akadakia, "Mwayo ni mwanzo, bwana. Uasi wote huanzia kinywani."

Siku ile Sultani hakuwa amelala vizuri. Akamtazama yule mwanamke kwa uchovu, akasema, "Ewe mwanamke, mume wako ni mmoja tu. Mji huu wote haunitii. Siku utakayonionyesha Shindasi nzima inanitii, mkubwa kwa mdogo, asibaki hata mmoja, siku hiyo nitamfungua mumeo na wote walio pamoja naye. Naapa mbele ya baraza."

Baraza likacheka, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa sawa na kuambiwa achote bahari kwa kawa. Na Jabu, akitaka kuliongezea uzito, akatangaza amri aliyokuwa ameitunga siku nyingi: kuanzia alfajiri ya kesho, mtu yeyote asifanye jambo lolote ila kwa ruhusa ya Sultani mwenyewe, itoke kinywani mwake.

Kazija akainua uso. "Jambo lolote, Mheshimiwa Waziri?"

"Lolote."

"Hata dogo?"

"Hata likiwa dogo kama mguu wa chawa! Huelewi lugha?"

"Naelewa, bwana. Hilo tu ndilo ninaloliweza," akasema Kazija, akaaga, akatoka.

Akaenda kisimani. Akamkuta mwanamke mmoja anateka maji, akamweleza. Yule akaenda kumweleza mwingine, na huyo mwingine akaenda kwa mwingine, wawili wawili, hapana sheria iliyovunjwa. Wengine waliogopa. Mpishi wa Sultani akauliza, "Na tukikatwa vichwa?"

Aliyemletea habari akamjibu, "Kwa kosa gani? La kutii?"

Mpishi akafikiri, na kadiri alivyofikiri ndivyo meno yake yalivyotokeza.

Kulipopambazuka, Sultani alizinduliwa na ukimya. Hapakuwa na kinu kinachotwanga wala jogoo anayewika. Akachungulia dirishani, akaona mji mzima umejipanga mbele ya jumba lake, wawili wawili, kila wawili wameachana na wenzao kwa heshima, mstari umekwenda ukapotea huko kwenye lango la mji.

"Wamekuja kunipindua!" akasema.

"Hasha, Maulana," akasema bawabu. "Wamekuja kuomba ruhusa."

Sultani akafurahi. Akavaa joho lake, akaketi barazani, Jabu kulia kwake, akaanza kuwapokea. Akaja mwashi akaomba ruhusa ya kupaka chokaa, akapewa. Akaja mwanamke akaomba kufagia uwanja wake, akapewa, akauliza, "Na nikimaliza mbele ya nyumba, naruhusiwa kwenda nyuma?" Akaja mzee macho yamemtoka, uso umevimba, hasemi, anaonyesha kifua tu kwa kidole.

"Ana nini huyu?"

"Amezuia kikohozi tangu alfajiri, bwana."

"Kohoa!" akasema Sultani, na mzee akakohoa, ikasikika hadi sokoni. Akaja mwenye punda akamshitaki punda wake kwamba alilia bila idhini. Akaja mama mjamzito anayeshika kiuno kwa mikono miwili. "Maulana, mtoto yu njiani. Naomba ruhusa azaliwe, na kama si leo, unielekeze nimzuie vipi."

"Azaliwe! Azaliwe! Mpelekeni kwa mkunga!"

"Mkunga yuko kule nyuma ya mstari, bwana, anangoja zamu yake."

Jua likapanda, sauti ya Sultani ikakauka, na mstari haukupungua, kwa kuwa kila aliyepewa ruhusa ya jambo moja alirudi nyuma kungoja ruhusa ya jambo la pili. Sultani akahisi joto. Akageuka, akamwona mpepeaji amesimama na pepeo hewani.

"Mbona hupepei?"

"Uliniruhusu kwenda kulia, bwana. Nangoja kurudi kushoto."

"Nileteeni chakula!"

"Mpishi yuko kwenye mstari, bwana. Anataka kuomba ruhusa ya kuwasha moto."

Hapo Jabu akasimama kwa ghadhabu. "Askari! Watawanyeni watu hawa!"

Askari wakatazamana. Mkubwa wao akamwinamia Sultani, akasema, "Maulana, tuna ruhusa ya kuinua mguu wa kulia?" Sultani akaitikia kwa kichwa. Wakauinua wote pamoja, wakabaki wamesimama kwa mguu mmoja kama korongo, mpaka mmoja akaanguka, akalala pale pale, hakuinuka, maana hakuambiwa ainuke.

"Ni yule mwanamke!" Jabu akapiga ukelele, akimwonyesha Kazija, aliyekuwa amejisimamia akingoja zamu yake na kifurushi kwapani. "Ndiye mchochezi! Bwana, amewachochea watu wako wote!"

Sultani akauliza kwa sauti iliyokwisha kukwaruza, "Amewachochea wafanye nini?"

Jabu akafungua kinywa, akakifunga. "Amewachochea... wakutii, bwana."

Sultani akamwita Kazija asogee. "Nawe wasemaje?"

"Maulana, ulitaka kuona mji unaokutii, ndio huu. Mimi ni mjinga, sijui mambo ya dola. Lakini tangu asubuhi nimesimama hapa nikawaza: jana walitwanga, wakapika, wakazaa, wala hukuwaambia, na wewe ulikula ukashiba. Leo wamekungoja uwaambie, na huna hata maji ya kunywa. Basi sijui kati ya siku mbili hizi ni ipi uliyopinduliwa."

Sultani akamtazama, kisha akamtazama askari aliyelala chini na pepeo lililosimama hewani. Bega lake likaanza kutikisika, na watu wakadhani analia; kumbe kicheko kimempanda. Akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Amri zote za Jabu nimezifuta," akasema akipangusa machozi. "Wafungueni wafungwa. Na kila mtu akafanye lake!"

Umati ukalipuka kwa vigelegele. Lakini Sultani pua yake ilikuwa imenasa harufu. "Ewe Bi Kazija, umebeba nini humo?"

"Muhogo wa nazi, bwana. Wa mume wangu. Gerezani hawali wakashiba."

Njaa haina usultani. Akaunyoshea mkono, Kazija akafungua kifurushi, na Sultani akala kwa vidole vyote vitano, akisifu kila tonge. Hapo Jabu, aliyekuwa akitafuta tundu la kutokea, akaliona.

"Bwana! Muhogo huo bado una uvuguvugu! Umepikwa leo! Nani alimpa ruhusa ya kuwasha moto? Ulisema asibaki hata mmoja, na huyu amekuasi! Kiapo chako kimevunjika, wafungwa warudi ndani!"

Vigelegele vikakatika. Ni kweli Kazija alipika alfajiri. Aliujua mtego wote, lakini alipomkumbuka Shee na tumbo tupu, moto akauwasha. Akasema polepole, "Ni kweli, Maulana. Nilipika bila kuomba. Mume wangu ana njaa."

Sultani akatafuna. Akameza. Akachukua kipande cha mwisho, akakitia kinywani, akalamba vidole kimoja kimoja, kisha akamgeukia Waziri wake na mashavu yamejaa.

"Muhogo upi, Jabu?"

Wakati huo Shee akatokea kwenye lango la gereza, anafumbafumba macho kwa jua, akapita katikati ya watu mpaka kwa mkewe, akaona kifurushi kitupu mkononi mwake.

"Hukuniletea hata kidogo?"

"Nilikuletea," akasema Kazija, akimshika mkono. "Ameula Sultani. Twende nyumbani, nikupikie mwingine."

Hivyo ndivyo nilivyoisikia mimi. Anayeijua kwa utamu zaidi, aisimulie yeye.